SAT inayofundishwa mitaani ilishakufa

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na wazazi, walimu wa tuisheni na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaotaka kuomba vyuo vya Marekani. Vijana wenye daraja la kwanza safi la kidato cha nne wanaingia kwenye SAT, mtihani ambao vyuo vingi vya Marekani hutumia kuchagua wanafunzi, na kutoka na alama zisizofanana nao. Wengi wao masomo wanayajua. Walichokosa ni kuandaliwa kwa mtihani uliopo, maana waliandaliwa kwa ule uliokwisha kufutwa.

Nenda kwa wauza vitabu vya mitumba, chukua kitabu chochote cha SAT, tazama jalada. Kikisema alama ya juu ni 2400, kinazungumzia mtihani wa kati ya mwaka 2005 na 2016. Ukifungua ukakuta sehemu ya hisabati isiyoruhusu kikokotoo, au kifungu cha habari cha ukurasa mzima kinachofuatwa na maswali kumi, nacho kimepitwa, hata kama jalada linasema 1600. Tangu Machi 2023 watahiniwa walio nje ya Marekani wanaufanya kwenye kompyuta, na Wamarekani wenyewe wakafuata Machi 2024. Kuhama kutoka karatasi kwenda skrini ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mwendo wa mtihani ulibadilika, na huo ndio usiofundishwa.

Mtihani una sehemu mbili: kwanza Kusoma na Kuandika, kisha Hisabati, na katikati mapumziko ya dakika 10. Kila sehemu imekatwa vipande viwili vinavyoitwa moduli. Moduli moja ya Kusoma na Kuandika ina maswali 27 kwa dakika 32. Ya Hisabati ina maswali 22 kwa dakika 35. Jumla ni maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14. Kila sehemu ina alama kuanzia 200 hadi 800, kwa hiyo jumla inaanzia 400 na kuishia 1600. Hakuna kufaulu wala kufeli. Wastani wa wanafunzi wa Marekani waliomaliza sekondari mwaka 2024 ulikuwa 1024. Kijana mwenye 1200 yuko juu ya wengi, lakini kama 1200 inatosha au haitoshi ni chuo anachoomba ndicho kitakachosema.

Sasa twende kwenye moduli, maana hapa ndipo alama nyingi zinapopotelea. Moduli ya kwanza ina mchanganyiko: rahisi, ya kati, magumu. Ukiimaliza, programu inapima ulivyojibu, halafu inakuchagulia moduli ya pili. Uliyefanya vizuri unapewa yenye maswali magumu zaidi. Uliyeteleza unapewa nyepesi. Ukishapelekwa kwenye ile nyepesi, alama za juu kabisa za sehemu hiyo hazifikiki tena, hata ukipata yote. Na ukishatoka kwenye moduli ya kwanza hurudi nyuma. Ndani ya moduli unaweza kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia kadiri muda unavyoruhusu, ila moduli ikifungwa imefungwa, na dakika ulizobakiza hazihamii kwenye inayofuata.

Mtahiniwa aliyefundishwa kwa vitabu vya zamani huingia na mbinu ya «anza taratibu, utapamba moto mbele ya safari». Kwenye mtihani huu ni kinyume chake. Makosa ya kizembe katika maswali kumi ya mwanzo ya moduli ya kwanza yanagharimu zaidi ya kushindwa swali moja gumu mwishoni mwa ya pili. Mwingine anafika moduli ya pili, anaona maswali yamekuwa makali, anadhani ameharibu, mikono inaanza kutetemeka. Angejua kwamba ukali huo ndio dalili kwamba moduli ya kwanza imeenda vizuri, angetulia.

Liko na jambo lingine wasiloambiwa. Katika kila moduli kuna maswali mawili yasiyohesabiwa. Wenye mtihani, College Board, wanayajaribu kwa matumizi ya baadaye, na hayana alama yoyote ya kuyatambua. Ni manane kati ya 98. Kwa hiyo ukikutana na swali la ajabu lisilofanana na chochote ulichowahi kuona, usilipe dakika nne za maisha yako. Jibu, weka alama, songa mbele.

Na ujibu kweli, usiache wazi. Zamani jibu lisilo sahihi lilikatwa robo ya alama, na walimu wa zama hizo walifundisha, kwa haki kabisa, kwamba usilolijua liache. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2016. Bado tunasikia ikifundishwa. Swali la kuchagua lina majibu manne. Ukibahatisha una nafasi moja kati ya nne, ukiacha wazi huna kitu.

Kusoma na Kuandika. Vifungu ni vifupi, maneno 25 hadi 150, na kila kifungu kina swali moja tu. Ukigawa muda, swali lina sekunde 71 hivi. Maswali yanakuja kwa makundi yale yale siku zote: kwanza maana ya neno ndani ya kifungu na namna kifungu kilivyojengwa, halafu hoja kuu, ushahidi na majedwali, kisha sarufi na alama za uandishi, mwisho viunganishi na kupanga taarifa. Faida yake ni kwamba anayepoteza muda kwenye fasihi lakini ana sarufi ya uhakika anaweza kuruka katikati, akachuma maswali ya sarufi kwanza, kisha akarudi nyuma. Mazoezi ya wiki mbili yanatosha kulizoea hilo.

Kukariri orodha za maneno elfu moja adimu ya Kiingereza ni kupoteza Jumamosi za watoto. Mtihani huu hauulizi tena neno adimu likiwa peke yake. Unakupa sentensi tatu zenye pengo na maneno manne ambayo karibu yote unayafahamu, kisha unauliza lipi linakaa. Kinachopimwa ni kama umeelewa sentensi zile zinaelekea wapi. Mwanafunzi na afunike majibu manne kwa kiganja, aweke neno lake mwenyewe, hata la Kiswahili, halafu ndipo atazame lipi linalolikaribia. Viunganishi navyo ni hivyo hivyo: amua kwanza kama sentensi ya pili inapinga ya kwanza, inatokana nayo au inaiongezea. Mwenye kujua tofauti ya «hata hivyo», «kwa hiyo» na «vilevile» anaijua nusu ya maswali hayo kabla hajafungua kamusi.

Sarufi inastahili mwalimu anayejua Kiswahili vizuri, na hapa hatutanii. Makosa mawili ya watoto wetu yanatoka nyumbani. La kwanza ni mkato. Kwa Kiswahili tunaandika «Mvua ilinyesha, barabara ikafungwa, watu wakalala njiani», na hakuna anayelalamika. Kiambishi -ka- kinafanya kazi ya kuunganisha. Kiingereza cha mtihani huu hakikubali sentensi mbili kamili ziunganishwe kwa mkato mtupu. Kinataka nukta, au nukta mkato, au mkato ukifuatwa na kiunganishi. Maswali ya aina hii hayakosekani katika kila mtihani, na mtoto wetu huchagua mkato kwa sababu sikio lake linamwambia panafaa kupumua.

La pili ni upatanisho. Hakuna Mswahili atakayesema «sanduku la vitabu vya watoto wa shule vimefika». Atasema limefika, kwa kuwa kilichofika ni sanduku. Kiambishi kinamlinda. Kiingereza hakina ulinzi huo. Mara nyingi kina herufi moja tu mwishoni mwa kitenzi, na watunga mtihani wanaingiza makusudi maneno kumi kati ya kiima na kitenzi ili uliyesahau sanduku ushike vitabu. Mfundishe aulize kwa lugha yake, «nini kimefika?», kisha avuke maneno yote ya katikati. Tunapendekeza njia hii kuliko kukaririsha majina ya kanuni.

Hisabati. Mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) huudharau upande huu, na mara nyingi ndiye anayeumia. Hakuna kalkulasi. Theluthi moja na ushee ni aljebra ya mstari mnyoofu. Kiasi kama hicho tena ni vipeo, milinganyo ya kipeo cha pili na fomula. Kinachobaki kinagawanywa sawa kati ya uwiano, asilimia na takwimu upande mmoja, na jiometri na trigonometria upande mwingine. Mengi ya hayo ni ya kidato cha nne. Ugumu uko kwenye kusoma swali. Chukua mfano huu tulioutunga: ikiwa 3x + 5 = 26, thamani ya 6x + 10 ni ngapi? Mwenye haraka anatafuta x, anapata 7, anaiona 7 pale kwenye majibu, anabofya. Jibu ni 52, na hakukuwa na haja ya kuitafuta x kabisa: upande wa kushoto umezidishwa kwa mbili, zidisha na wa kulia. Kwenye mitihani yetu anazoea kupewa alama za njia. Hapa njia haina msahihishaji.

Kikokotoo kinaruhusiwa sehemu yote ya Hisabati. Kimo ndani ya programu yenyewe, kinaitwa Desmos, na kinachora grafu. Kijana aliyelelewa na majedwali ya hisabati hukiogopa au hukitumia kujumlishia tu, na hapo anampa mwenzake nafasi ya bure. Mfano: mstari y = 2x + k unaigusa grafu ya y = x² − 4x + 7 mahali pamoja tu; k ni ngapi? Kwa mkono unalinganisha pande mbili, unapata x² − 6x + 7 − k = 0, unaweka sharti la mzizi mmoja, 36 − 4(7 − k) = 0, inatoka k = −2. Kwa Desmos unaandika milinganyo miwili kama ilivyo, unakubali kitelezi cha k inachokupa, unakisogeza mpaka mstari uguse mkunjo. Anayejua njia zote mbili atumie moja kujibu na nyingine kuhakiki. Swali lina wastani wa sekunde 95, muda unatosha. Kwenye trigonometria aangalie kwanza kama kikokotoo kimewekwa kwenye digrii au radiani.

Robo hivi ya maswali ya Hisabati hayana majibu ya kuchagua. Unaandika mwenyewe kwenye kisanduku. Hapa alama zinapotea kwa mtu aliyepata jibu sahihi, jambo linalouma kuliko yote. Kisanduku kinachukua herufi tano, au sita kama jibu ni hasi kwa sababu ya ile alama ya kutoa. Tuseme jibu ni theluthi mbili. Andika 2/3, au .6666, au .6667, au 0.666, au 0.667, zote zinakubaliwa. Ukiandika 0.67 umekosa. Desimali isiyoisha lazima ijaze nafasi zilizopo. Kuifupisha kama ulivyozoea shuleni ni kosa. Jibu likiwa tatu na nusu, usiandike 3 1/2, maana mashine itasoma 31/2, yaani kumi na tano na nusu. Andika 7/2 au 3.5. Alama ya asilimia, ya dola na mkato wa maelfu havihitajiki.

Tumeona pia wanafunzi wanahesabu majibu sahihi na kulinganisha na mwenzao, kisha wanadai wameonewa. Alama haitokani na idadi peke yake. Inazingatia pia ni maswali yapi uliyopata. Wawili waliopata idadi ileile wanaweza kutofautiana.

Siku ya mtihani nayo ina mitego yake, na mingi huanza siku ya kujiandikisha. Jina la kwenye akaunti lifanane na la kwenye pasipoti, neno kwa neno. Huku kwetu mtoto ana majina matatu kwenye cheti, mawili kwenye kadi ya shule, na pasipoti ina mpangilio wake. Msimamizi wa kituo haruhusiwi kukisia. Pasipoti halisi ndiyo salama, nakala haitoshi, na asiye nayo aanze kuishughulikia miezi kadhaa kabla. Vituo ni vichache na viti hujaa mapema, hivyo anayesubiri wiki za mwisho anaweza kujikuta anapanda basi kwenda mji mwingine, au nchi nyingine.

Mtihani unafanyika kwenye programu iitwayo Bluebook, ya bure, inayopakuliwa kwenye kompyuta au kishikwambi. Simu haikubaliki. Siku chache kabla ya mtihani mtahiniwa lazima aifungue, akamilishe maandalizi na apate tiketi ya kuingilia. Asisubiri asubuhi yenyewe, intaneti ya kituo ina watu wengi. Mtihani ukishaanza, hata mtandao ukikatika mtihani unaendelea. Mtandao unahitajika wakati wa kuanza na wa kutuma majibu mwishoni. Betri ijae usiku, na ukisikia habari za mgao wa umeme ijaze mchana. Iweze kukaa saa tatu au nne, beba na chaja, lakini usitegemee soketi. Wakati wa mapumziko usiguse simu, hata kutazama saa. Kwa kosa hilo alama zinafutwa.

Kuhusu kalenda, mwanafunzi wa Tanzania ana bahati mbaya ya ratiba. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya mapema mwanzoni mwa Novemba na ya kawaida mwanzoni mwa Januari, wakati mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Anayetaka kuingia chuo mara baada ya kumaliza lazima SAT yake iwe tayari kabla ya Desemba ya kidato cha sita. Tarehe za Agosti na Oktoba ndizo nzuri, na ile ya Machi au Mei ya kidato cha tano iwe ya kwanza, ili abaki na nafasi ya kurudia. Vyuo vingi huchukua alama ya juu ya kila sehemu hata kama zimetoka siku tofauti. Mkenya wa kidato cha nne ana KCSE, mtihani wake wa kumaliza sekondari, Novemba, kwa hiyo Oktoba haimfai. Aumalize Juni au Agosti.

Gharama kwa anayefanyia huku inazidi dola 100 ukijumlisha ada na nyongeza ya kimataifa, na msamaha wa ada wanaoutangaza hauwahusu wanafunzi wasio raia wanaosoma nje ya Marekani. Ndiyo maana tunasema kabla ya kulipa chochote, tazama kwanza kama chuo chako kinautaka. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022. Harvard, Brown na Caltech zilitangaza hivyo mwaka 2024. Vyuo vya University of California havizitazami alama hizi kabisa katika kumchagua mwanafunzi, hata ukiwa na 1600. Vingi vingine vinakuachia uamue. Vyuo vikuu vya hapa nyumbani havina shughuli nayo, na SAT haichukui nafasi ya matokeo ya kidato cha sita wala ya mtihani wa kuthibitisha Kiingereza kama TOEFL, pale chuo kinapoutaka.

Tumalizie na walimu wa tuisheni wanaobandika matangazo ya «uhakika wa 1500». Mzazi, kabla hujatoa fedha, mwombe mwalimu afungue Bluebook mbele yako na akuonyeshe moduli ya pili inavyochaguliwa. Asipoijua, fedha yako irudi mfukoni. Ndani ya programu hiyo mna mitihani kamili ya mazoezi, bila malipo, na tovuti ya Khan Academy ina masomo yake, nayo bure. Mtoto afanye mtihani mmoja wa mazoezi kabla ya somo lolote, kwa muda kamili, bila kusimamisha saa. Kisha achukue daftari, agawe ukurasa safu tatu: sikujua, nilijua nikasoma vibaya, muda ulikwisha. Safu ya kwanza inahitaji mwalimu. Ya pili inahitaji penseli na kupunguza haraka. Ya tatu inahitaji mtihani mwingine wa mazoezi baada ya wiki mbili, na si kila siku, kwa kuwa mitihani halisi ni michache na inaisha.

Wakuu wa shule zenye maabara ya kompyuta, Jumamosi moja kwa mwezi ingetosha. Programu ipakuliwe Ijumaa, umeme upimwe, na mlango ufunguliwe saa mbili asubuhi. Saa tano watoto watakuwa wamemaliza.

Walimu washauri wa kidato cha tano na cha sita,
Dar es Salaam